Kabla Hujajaza Gesi: Kiyoyozi cha Gari la Zamani Hanang na Mbulu

Mwenye gari Masakta anaweza kuuliza: kiyoyozi cha nini katika nchi ambayo Juni na Julai watu huamka wamejikunyata? Jibu liko barabarani. Asubuhi ya mvua kioo cha mbele hujaa ukungu, na hakuna kinachoufuta haraka kama kiyoyozi, kwa sababu kinapopoza hewa huikausha pia. Kiangazi, vumbi la barabara za ndani za Hanang na Mbulu humlazimisha dereva kufunga vioo vyote. Na gari likishapita Babati kuteremkia Magugu na Minjingu, joto la Bonde la Ufa halina huruma, hasa ukiwa umepakia mgonjwa, mzee au mama mwenye mtoto mchanga.

Shida ni kwamba Noah, Hilux, Corolla na Land Cruiser nyingi tunazoendesha ni za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, na viyoyozi vyake vilishanyamaza. Ukienda kwa fundi, mara nyingi jibu la kwanza ni: "Gesi imeisha, tujaze." Hapo ndipo pesa inapoanza kupotea. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika, tofauti na dizeli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, inarudi ilikoanzia, inazunguka tena. Ikipungua, imevuja. Usipopata inapovujia, utakayojaza leo itatokea palepale. Na mara nyingine gesi haina kosa lolote: kilichokufa ni fyuzi, au vumbi limeziba njia ya hewa.

Mwongozo huu unakupeleka kwa utaratibu, kuanzia yale unayoweza kuyakagua mwenyewe bila gharama hadi yale ya fundi mwenye vifaa.

Ujue mzunguko wenyewe

Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, hubana gesi mpaka ikawa moto na yenye shinikizo kubwa. Gesi hiyo huingia kwenye kondensa, ule wavu ulio mbele ya rejeta, ikapoa na kugeuka kimiminika. Kimiminika hupita kwenye draya, chupa ndogo ya chuma inayochuja uchafu na kufyonza unyevu, kisha hufika kwenye valvu ya upanuzi, tundu dogo mno. Ng'ambo ya tundu hilo kuna evaporeta, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Humo shinikizo hushuka ghafla, kimiminika huchemka kikiwa cha baridi, na kuvuta joto la hewa ya ndani ya gari. Gesi hurudi kwenye kompresa kupitia bomba nene.

Shika jambo moja: mfumo ukiwa mzima na unafanya kazi, bomba jembamba huwa la moto na bomba nene huwa la baridi. Gusa kwa tahadhari. Mabomba yote mawili yakiwa na joto la kawaida, hakuna kinachozunguka.

Hatua ya 1: Upepo unatoka?

Washa feni ya ndani kabla ya kubonyeza kitufe cha A/C. Isipovuma kabisa, anza na fyuzi. Badilisha kwa fyuzi ya ampea zilezile. Kufunga waya mahali pa fyuzi ni kuomba moto. Ikivuma kwenye namba ya mwisho tu na kukataa namba za chini, rizista ya feni imeungua. Ni kipuri kidogo kinachokaa karibu na feni, nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria.

Upepo ukitoka kwa unyonge hata feni ikinguruma kwa nguvu, njia imeziba. Gari likiwa na filta ya hewa ya ndani, itoe uitazame. Magari mengi ya miaka ya 1990 hayana filta hiyo, kwa hiyo vumbi lote la barabarani huishia kwenye mapezi ya evaporeta, likachanganyika na maji na kuwa tope. Kuisafisha kunahitaji kufungua sehemu ya dashibodi, lakini hakuhitaji kugusa gesi ikiwa fundi anaweza kufika kwenye mapezi bila kufungua mabomba.

Angalia pia mpira wa kutolea maji chini ya gari. Kiyoyozi kinachofanya kazi hudondosha maji. Abiria wa mbele akilalamika kwamba miguu inaloa, mpira huo umezibwa na tope. Uzibue polepole kwa waya laini.

Hatua ya 2: Hita imefungwa kweli?

Shida ya hita hupatikana zaidi kwetu kuliko Dar es Salaam, kwa sababu sisi hutumia hita. Kwenye magari ya zamani, kitasa cha joto huvuta kebo inayofungua valvu ya maji ya moto kutoka kwenye injini. Baada ya msimu wa baridi, valvu hiyo au kibao cha kuelekeza hewa huweza kukwama kikiwa wazi nusu. Matokeo yake kiyoyozi kinapoza hewa, hita inaipasha tena, na dereva anaambiwa gesi imeisha.

Kipimo chake ni rahisi. Injini ikiwa na moto, zima A/C, weka kitasa kwenye baridi mwisho kabisa, washa feni. Hewa inayotoka ilingane na hewa ya nje. Ikiwa ya uvuguvugu, fuatilia kebo na valvu ya hita kwanza.

Hatua ya 3: Kompresa inashika?

Fungua boneti, washa injini, washa feni na A/C. Kaza nguo: shuka, kanga na mikono mirefu isikaribie mkanda wala feni. Tazama uso wa kompresa. Puli huzunguka muda wote, lakini sahani ya mbele huzunguka pale tu klachi yake ya sumaku inaposhika. Ikishika utasikia mlio mfupi, na mlio wa injini hubadilika kidogo.

Isiposhika, fuata mpangilio huu:

1. Kagua fyuzi na rilei ya A/C. Rilei unaweza kuibadilisha kwa muda na nyingine inayofanana nayo, kama ya honi.
2. Pima umeme kwenye waya wa klachi. Gari dogo litoe volti 12 hivi. Fuso na Canter hutumia 24.
3. Umeme ukifika na klachi isishike, kagua athi, kisha koili. Koili ya volti 12 huwa na omu 3 hadi 5 hivi. Ikisoma haina mwisho, imekatika.
4. Koili ikiwa nzima, pima nafasi kati ya sahani na puli. Kwa kompresa nyingi huwa milimita 0.35 hadi 0.65. Klachi ikichakaa nafasi hupanuka na sumaku hushindwa kuivuta, hasa injini ikipata moto. Fundi huondoa washa moja nyembamba nyuma ya sahani, na kompresa iliyokwisha hukumiwa kufa hurudi kazini.
5. Umeme usipofika kabisa, huenda swichi ya shinikizo imekata. Kwenye Toyota nyingi swichi hukata shinikizo likishuka chini ya psi 28 hivi, au likipanda kupita 450.

Swichi hiyo ipo kwa sababu maalumu. Oili inayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikiisha, oili haizunguki, na kompresa ikilazimishwa kuzunguka husagika ndani. Fundi akitaka kuunga dairekti ili "tuone kama inafanya kazi", mkatalie. Dakika chache zinatosha kuiua.

Hatua ya 4: Kondensa inapumua?

Kiyoyozi kinachopoza gari likiwa kwenye mwendo na kutoa joto likisimama kina tatizo la kupoza kondensa. Kagua kama feni ya umeme inazunguka A/C inapowashwa. Kwenye Land Cruiser za dizeli zenye feni inayozungushwa na injini, kagua kama klachi ya feni hiyo imelegea.

Kisha tazama wavu wenyewe. Anayepita karibu na mashamba ya ngano ya Basotu wakati wa mavuno hukusanya makapi. Anayepita njia za mifugo hukusanya vumbi, mbegu za nyasi na wadudu. Uchafu mwingi hujibana kati ya kondensa na rejeta, usionekane kwa mbele. Osha kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele, injini ikiwa imepoa. Mashine ya maji ya nguvu inayooshea magari hulaza mapezi ya kondensa, na pezi lililolala halipitishi hewa.

Hatua ya 5: Tafuta inapovujia

Vumbi letu lina faida moja. Gesi inapotoka hutoka na oili, na oili hukamata vumbi. Tafuta doa lenye utomvu na udongo kwenye sehemu hizi: maungio ya mabomba, mahali mpira unapobanwa na chuma, uso wa kompresa nyuma ya puli, sehemu ya chini ya kondensa inayopigwa na mawe, na vali za kujazia, ambazo mara nyingi hazina vifuniko.

Noah na Hiace zenye kiyoyozi cha nyuma zina sehemu moja zaidi. Mabomba yake marefu hupita chini ya sakafu, yakagongwa na mawe na kuliwa na kutu. Lala chini uyafuate yote kabla hujakubali kwamba kompresa ndiyo mbovu.

Ukiona doa, paka povu zito la sabuni. Tundu likiwa na shinikizo nyuma yake, viputo vitajitokeza. Evaporeta ndiyo ngumu kuikagua. Dalili yake ni oili kwenye maji yanayodondoka, au harufu ya oili ndani ya gari.

Sababu ya kawaida ya kuvuja nyanda za juu ni kukaa bila kazi. Sili ya shafti ya kompresa huloweshwa na oili inayozunguka. Ukizima kiyoyozi tangu Mei hadi Septemba kwa sababu ya baridi, sili hukauka na kuachia gesi kidogo kidogo. Oringi za maungio ni mpira mdogo wa bei nafuu. Mfumo ukifunguliwa, zibadilishwe zote zilizoguswa, ziwe za aina inayofaa gesi ya gari lako, na zipakwe oili ya kompresa kabla ya kukazwa.

Ijue gesi ya gari lako

Magari yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia R-12, gesi iliyopigwa marufuku duniani kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kwa sababu hula tabaka la ozoni. Watengenezaji wa Japani walihamia R-134a kati ya mwaka 1992 na 1994 hivi. Soma kibandiko chini ya boneti. Kikikosekana, tazama vali za kujazia: za R-12 ni za nyuzi za kukaza, za R-134a ni za kubonyeza na kunasa, na ya upande wa shinikizo kubwa ni nene kuliko nyingine.

Gari la R-12 linaweza kubadilishwa litumie R-134a, lakini kwa kubadili oili, draya, oringi na vali. Oili ya zamani haichanganyiki na R-134a. Itabaki imetuama sehemu moja huku kompresa ikizunguka kavu.

Mambo mawili usiyakubali. La kwanza ni gesi ya kupikia au gesi yoyote inayowaka. Itapoza, ni kweli, lakini evaporeta iko ndani pamoja na abiria. Ikivuja, cheche moja ya swichi inatosha. La pili ni dawa ya kuziba matundu kutoka ndani. Huziba pia valvu ya upanuzi, na huharibu vifaa vya fundi atakayefuata.

Geji kwenye nyanda za juu

Hapa mafundi waliojifunzia kazi pwani hujichanganya. Geji hupima tofauti kati ya shinikizo lililo ndani ya mfumo na hewa iliyo nje. Dar es Salaam hewa ya nje ina psi 14.7, kwenye mwinuko wa mita 1,800 ni kama 12 tu. Kwa hiyo pampu ya vakiumu ikivuta mpaka mwisho, sindano ambayo pwani ingefika karibu na inchi 30 za zebaki chini ya sifuri, huku itasimama karibu na inchi 24. Si pampu mbovu, wala si lazima mfumo uwe unavuja.

Kwa mantiki hiyohiyo, shinikizo la kawaida litasomeka juu kwa psi 2 hadi 3 kuliko pwani. Upande wa shinikizo kubwa tofauti hiyo haina maana. Upande wa shinikizo dogo ina maana.

Injini ikiwa imepoa na A/C imezimwa, sindano zote mbili zilingane. Nje kukiwa na nyuzi 20, R-134a itasoma psi 70 hivi ilimradi kuna kimiminika chochote ndani. Ikisoma 40, kimiminika kimeisha. Lakini 70 haikuambii kama kuna gramu 200 au 600, kwa hiyo usijaze kwa kuangalia namba hiyo.

Kisha washa injini, iende mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, vioo wazi, feni mwisho. Nje kukiwa na nyuzi 25, upande mdogo uwe kati ya 25 na 40, mkubwa kati ya 150 na 200. Tafsiri ni hii:

- Zote chini: gesi ni kidogo.
- Zote juu: gesi imezidi, kondensa haipoi, au kuna hewa ndani.
- Ndogo juu, kubwa chini: kompresa imechoka.
- Ndogo inashuka hadi chini ya sifuri: njia imeziba, mara nyingi kwenye valvu ya upanuzi au draya.
- Inapoza, inaacha, kisha inarudi baada ya muda: kuna unyevu unaoganda kwenye tundu la valvu, na draya imeshiba.

Asubuhi ya baridi namba zote hushuka zenyewe. Fundi akipima saa moja asubuhi kwenye nyuzi 14 atasema gesi ni kidogo, ataongeza, na ukifika Magugu saa nane mchana shinikizo litapanda mpaka swichi ikate. Pima mchana, gari likiwa juani.

Magari mengi ya zamani yana kioo kidogo juu ya draya. Kikionyesha viputo mfululizo, gesi ni kidogo. Kikiwa safi na hewa ni baridi, sawa. Kikiwa safi na hewa ni ya moto, huenda hamna kitu. Kikiwa na rangi ya maziwa, draya imeoza.

Kujaza kama inavyopaswa

Kazi hii mwachie fundi wa majokofu na viyoyozi, fani inayofundishwa VETA, lakini simama uangalie. Gesi ikigusa jicho hugandisha, kwa hiyo miwani ni lazima. Mpangilio ni huu: gesi iliyobaki ivutwe kwenye mtungi, kilichovuja kitengenezwe, draya ibadilishwe, vakiumu ivutwe kwa dakika 30 hadi 45, pampu izimwe na sindano iachwe dakika 15. Ikirudi juu, kuna tundu bado.

Baada ya hapo gesi ipimwe kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Gari dogo lenye evaporeta moja huchukua gramu 450 hadi 900. Lenye kiyoyozi cha nyuma huhitaji zaidi. Injini ikiwa inawaka, gesi iingie upande mdogo tu, kopo likiwa limesimama wima. Ukilipindua, kimiminika huingia kwenye kompresa, na kimiminika hakibaniki: vali zake huvunjika.

Kwa nini usimruhusu fundi aipeperushe hewani gesi ya zamani? R-134a haili ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto kama kilo zipatazo 1,400 za hewa ya ukaa kwa miaka 100. Ndiyo sababu mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Nawe una sababu ya mfukoni: gesi safi iliyovutwa hurudishwa, hainunuliwi upya.

Ukilazimika kununua kompresa ya mtumba, izungushe kwa mkono. Iende laini, isikwame. Matundu yake yawe yamezibwa tangu dukani. Oili ikiwa nyeusi au inameta chembe za chuma, iache. Na kama kompresa yako ilisagika, chembe zake zimeshafika kwenye kondensa: mfumo uoshwe, valvu na draya zibadilishwe, la sivyo kompresa mpya itakufa kwa ugonjwa uleule.

Kukitunza

Washa kiyoyozi dakika 10 kila wiki, hata Julai. Kioo kikijaa ukungu, washa A/C pamoja na hita. Vinafanya kazi pamoja bila shida, na sili inapata oili. Osha kondensa baada ya kila msimu wa vumbi. Funika vali za kujazia.

Mwisho, andika kwenye karatasi ngumu na kuibandika chini ya boneti: tarehe, aina ya gesi, gramu zilizoingia, aina ya oili, na kilichobadilishwa. Gari la zamani hupita kwa mafundi wengi, kutoka Katesh hadi Babati na Arusha. Mwakani sindano ikishuka, karatasi hiyo itakuambia ni gramu ngapi zimepotea kwa miezi mingapi, na fundi ataanza kwa kutafuta tundu badala ya kufungua mtungi.